Tume ya Kumtafuta Mjomba Bobu

Sikieni habari za Utulivuni, nchi ambayo wachora ramani wengi huisahau na yenyewe haijawahi kulalamika. Huko aliishi mama mmoja wa makamo, Bi Sikudhani Mwakatobe, mkalimani mkuu wa Ikulu. Alivaa viatu visivyopiga kelele, na Kiingereza chake alikipata shuleni kwa walimu wakali: Kiingereza cha vitabuni, kilichopigwa pasi, kisicho na kunyanzi hata moja. Kwa miaka ishirini na sita alisimama nyuma ya bega la kushoto la Mheshimiwa Rais akigeuza maneno ya wageni kuwa ya kwao na ya kwao kuwa ya wageni, na hakuwahi kupunguza hata neno moja.

Asingethubutu. Utulivuni kulikuwa na Sheria ya Tafsiri Timilifu, iliyomtaka mkalimani atafsiri kila neno kama lilivyotamkwa, la sivyo akakae jela miezi sita. Sheria hiyo ilipitishwa kwa sababu ya mkalimani aliyemtangulia. Bwana yule alisikiliza hotuba ya Mheshimiwa ya dakika arobaini na tano, akamgeukia mgeni, akasema, "Anashukuru." Mgeni aliridhika sana. Mheshimiwa hakuridhika.

Mwaka tunaouzungumzia, Waingereza walikubali kuipa Utulivuni mabomba ya maji, yatandazwe mpaka Kavumbini, mtaa wenye watu wengi na kisima kimoja. Mabomba yalikwisha shushwa bandarini, yamelala juani yakisubiri saini tu. Bi Sikudhani aliyawazia kuliko watu wote pale Ikulu, maana mdogo wake, Siwema, alikaa huko huko Kavumbini, na kila alfajiri alipanga foleni ya kisimani na ndoo zake mbili.

Siku ya kutia saini ilifika. Balozi wa Uingereza, Bwana Tiptoni, alikuwa mzee mnene mwenye mashavu mekundu, mcheshi, aliyelelewa shamba na bibi yake. Kiingereza alichokipata huko kwa bibi hakikuwahi kufika kwenye vitabu vya akina Sikudhani. Kabla shughuli haijaanza, alimwinamia mkalimani sikioni akamnong'oneza kwamba, samahani sana, angependa kwenda kutumia senti moja.

Bi Sikudhani alimfikishia ujumbe huo Mkurugenzi wa Itifaki, Bwana Lufungilo. Huyu alikuwa kijana wa miaka thelathini na tano, aliyezaliwa na dada mkubwa wa Rais na kwa hiyo alikuwa na kipaji cha itifaki. Mdogo wake alikuwa na kipaji cha maji, ndiye Waziri wa Maji. Watoto wa dada wa pili walikuwa na vipaji vya barabara, posta na michezo. Wageni wengi walistaajabu jinsi ukoo mmoja ulivyojaliwa.

"Anataka kutumia senti?" Lufungilo alisema, akakunjua mabega. "Vizuri! Mgeni anataka kukuza uchumi wetu. Apelekwe duka la vinyago, na asitoke mpaka aridhike."

Balozi alikaa dukani nusu saa. Alirudi na kinyago cha twiga chini ya kwapa, uso umemkunjamana, akitembea kwa hatua fupi fupi na magoti yamebanana. Lufungilo aliandika kwenye daftari lake kwamba mgeni ameguswa sana na sanaa yetu.

Kisha Mheshimiwa akahutubia. Alizungumzia maji tangu yalipoumbwa. Alipofika kwenye mvua, Balozi alikuwa amefumba macho. Alipofika kwenye mito, alikuwa ameng'ata midomo. Hotuba ilipokwisha, Balozi aliruka kutoka kitini, akaufungua mkataba, akaweka kidole mahali pa saini, akasema harakaharaka maneno machache huku akitabasamu kwa taabu.

Bi Sikudhani aliyasikia yote, akayatafsiri yote.

"Mheshimiwa, tia saini hapa, na Bobu ni mjomba wako."

Kalamu ya Mheshimiwa ilisimama hewani.

"Bobu ni nani wangu?"

"Mjomba wako, Mheshimiwa."

"Ndugu yake mama? Tumbo moja?"

"Hilo la tumbo hakulitaja, Mheshimiwa."

"Muulize vizuri."

Bi Sikudhani akauliza. Balozi alidhani anataniwa, akacheka kama mtu asiyetaka kucheka sana. "Naam, naam! Bobu ni mjomba wako kabisa!"

Rais akasimama. Ukumbi mzima ukasimama naye, kama sheria inavyotaka. Balozi alipoona uso wa Rais umebadilika, akaogopa kwamba amekosa adabu, akainua mikono kumtuliza, akasema msemo mwingine wa bibi yake.

Safari hii Bi Sikudhani alichelewa kutafsiri. Upande mmoja aliiona miezi sita ya jela. Upande mwingine aliziona nywele za Mheshimiwa, nyeusi, nene, ambazo kila mwananchi alijua kwamba ni zake, kwa kuwa alizinunua mwenyewe.

"Anasema, Mheshimiwa... anasema ziache nywele zako zikae kichwani."

Mheshimiwa alipandisha mkono polepole, akapapasa, akakuta kila kitu kiko mahali pake. Akakaa.

"Wanajua mambo ya ndani kabisa," alisema kwa sauti ya chini. "Hawa ni ndugu kweli." Akaifunga kalamu. "Mambo makubwa kama haya siwezi kuyatia saini mjomba yupo na hajaulizwa. Nitaonekana sikulelewa. Atafutwe."

Balozi aliposikia shughuli imeahirishwa, alitoka mbio bila kuaga. Magazeti ya kesho yake yaliandika kwamba alizidiwa na hisia.

Tume ya Kumtafuta Mjomba ikaundwa siku ileile, mwenyekiti wake Bwana Lufungilo. Kabla ya Ijumaa ilikuwa imekwisha badili jina la Barabara ya Uhuru kuwa Barabara ya Mjomba. Waziri wa Posta alitoa stempu. Mchoraji wa Ikulu aliagizwa achore picha ya Bobu, na kwa kuwa hakumjua, alimchora Rais, akampaka rangi nyeupe, akamwazima mashavu ya Balozi. Watoto wa shule walifundishwa wimbo wa kumpokea. Kitu kimoja tu kilikosekana, na tume iliandika katika taarifa yake ya kwanza kwamba kazi imekamilika kwa asilimia tisini, bado kupatikana kwa mjomba.

Ikaonekana busara kumwuliza mwenye kaka. Lufungilo alimchukua Bi Sikudhani, endapo jambo lolote la Kiingereza lingezuka, wakaenda nyumbani kwa mama mzazi wa Rais, Bi Nyamizi, ajuza wa miaka themanini na minane. Walimkuta barazani anapukuchua kunde.

"Shikamoo, Mama," Bi Sikudhani alisema akipiga goti.

"Marahaba, mwanangu. Na huyu mwenye tai amekuja na nini?"

Lufungilo alifungua jalada. "Bibi, taifa lingependa kufahamu kama uliwahi kuwa na kaka aitwaye Bobu."

"Nani?"

"Bobu. Mwingereza."

Bi Nyamizi aliweka ungo chini. "Lufungilo, baba yangu alikuwa nani?"

"Fundi viatu, Bibi."

"Alitoka nje ya wilaya hii mara ngapi?"

"Sina takwimu, Bibi."

"Mara moja. Alikwenda kung'olewa jino, akarudi siku ileile shavu limevimba. Sasa huyo Bobu alimzaa saa ngapi? Akiwa ameachama mbele ya daktari?"

Bi Sikudhani aliinama kuokota punje za kunde ambazo hazikuanguka. Lufungilo aliandika: Bi Mkubwa hakukanusha moja kwa moja.

Jioni hiyo Siwema akapiga simu. Sauti yake ilikuwa imechoka.

"Dada, nimeteguka mkono. Foleni ilisukumana, nikaanguka na ndoo. Tunaambiwa mabomba yako bandarini. Kinachosubiriwa ni nini?"

"Tunamsubiri mjomba."

"Mjomba gani? Mjomba Athanasi si tulimzika?"

"Mjomba wa Rais."

"Ndiye anayekuja na maji?"

Bi Sikudhani alimpa pole, akakata simu, akakaa kitandani na viatu vyake miguuni. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita alijiuliza kama neno linaweza kutafsiriwa sawasawa na bado likawa uongo.

Asubuhi alikwenda nyumbani kwa Balozi bila kumwambia mtu. Bwana Tiptoni alimkaribisha chai. Kwenye rafu, twiga wa mti alikuwa amesimama peke yake.

"Nimekuja kuomba anwani ya Bwana Bobu," Bi Sikudhani alisema.

"Bobu yupi?"

"Yule mjomba."

Balozi aliweka kikombe chini. Alimtazama mama yule mnyoofu, na taratibu mashavu yake yakaanza kupoteza wekundu. "Mungu wangu," alisema. "Mnamtafuta kweli?"

"Barabara tayari imeshapewa jina."

Ndipo Balozi akamweleza. Hakukuwa na Bobu. Kwao, mtu akimwelekeza mwenzake jambo rahisi, humalizia kwa kusema kwamba Bobu ni mjomba wako, yaani, basi, kazi imekwisha, hakuna ugumu. Na kumwambia mtu aziache nywele zake kichwani ni kumwomba asipandishe hasira. Na kutumia senti...

"Ndiyo?" Bi Sikudhani aliuliza kwa woga.

"Zamani vyoo vya mjini kwetu, mlango haukufunguka mpaka utumbukize senti."

Bi Sikudhani alifumba macho. Alimwona tena mzee huyu akirandaranda kati ya vinyago nusu saa nzima, magoti yamebanana. "Nisamehe sana, baba," alisema.

"Nimeshasamehe. Twiga nampenda. Ila kila nikimtazama natamani kwenda msalani."

Wakacheka mpaka chai ikapoa. Bi Sikudhani alitoa kijitabu chake akaanza kuuliza mengine, naye Balozi alikuwa nayo tele: kwamba kwao mvua kubwa hunyesha paka na mbwa, na jambo la zamani sana hupimwa kwa miaka ya punda. Asili zake? Nyingine zinajulikana, nyingine kila mtu ana yake, na wataalamu hununiana kwa ajili yake.

"Na huyu Bobu," aliuliza, "alitoka wapi?"

"Wapo wanaobisha. Lakini inasimuliwa kwamba palikuwa na waziri mkuu wetu mmoja wa kale, jina lake Robati. Bobu ni kifupi chake. Alikuwa na mpwa wake, mtoto wa dada yake, akampa kazi kubwa serikalini, na watu wakaona hiyo kazi haikutokana na kitu kingine. Basi huko mitaani wakaanza kusema: Bobu akiwa mjomba wako, huna shida."

Bi Sikudhani alikuwa bado anacheka. Kisha kicheko kikamwishia kinywani, kidogo kidogo, kama bomba linalofungwa. Akafunga kijitabu.

"Kuna tatizo?" Balozi aliuliza.

"Hapana," alisema. "Nafikiria nitaanzia wapi."

Alianzia kwa Lufungilo, kwa kuwa ndiyo itifaki. Alimweleza yote isipokuwa asili ya msemo, maana hiyo alishindwa kuitoa kinywani mbele ya mpwa. Lufungilo alisikiliza huku akizungusha pete.

"Kwa hiyo hayupo," alisema. "Mama, taarifa yangu imesema asilimia tisini. Siwezi kwenda kusema sifuri. Lakini wajomba hufa, au sivyo?"

"Hufa."

"Basi amekufa. Ghafla, bila kuteseka. Tutaomboleza siku arobaini, kwa heshima zote, kisha Mheshimiwa atatia saini akiwa huru. Wewe utaandika barua ya rambirambi kutoka Uingereza. Kiingereza unacho."

Bi Sikudhani alihesabu. Baada ya siku arobaini masika yangekuwa yameanza. Kavumbini masika yakianza, mtaro hauchimbiki; mabomba yangelala bandarini mpaka mwaka mwingine.

"Barua sitaandika," alisema. "Sheria inanikataza kutafsiri maneno ambayo hayakusemwa."

"Basi nitaandika mwenyewe," alisema Lufungilo, na kweli akaandika, katika Kiingereza ambacho kilihitaji rambirambi chenyewe.

Kesho yake baraza lote lilikusanyika Ikulu limevaa nyeusi. Picha ya Bobu ilivikwa utepe mweusi. Bi Nyamizi alikuwa ameletwa kwa gari ili apewe mkono wa pole kwa kufiwa na kaka yake. Alikaa kwenye kiti cha mbele, fimbo mapajani, akiwatazama wajukuu zake mmoja mmoja bila kupepesa. Balozi naye aliitwa, akakaa ukutani haelewi nani kafa.

Mheshimiwa alikuwa amelia kweli. Hilo ndilo lililomvunja moyo Bi Sikudhani. Alikuwa mtu mzima, amezungukwa na wapwa, na kwa wiki mbili alifurahia kuwa mpwa yeye mwenyewe.

"Mkalimani," Rais alisema, "nisomee barua ya wafiwa."

Bi Sikudhani aliipokea, akaitazama, akaikunja.

"Mheshimiwa, hakuna aliyekufa. Na hakuna aliyekuwepo."

Lufungilo alianza kukohoa. Bi Nyamizi alimgusa kwa fimbo, akaacha.

Bi Sikudhani akasimulia yote: senti, nywele, Bobu. Rais alisikiliza kidevu kifuani.

"Na kwa nini ulitafsiri hivyo?"

"Ndivyo sheria inavyotaka, Mheshimiwa."

"Nani alitunga sheria ya namna hiyo?"

"Ni wewe, Mheshimiwa."

"Hm." Akafikiri. "Na wao huo msemo waliutoa wapi?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Bi Sikudhani alitazama safu ya mawaziri, tai zao nyeusi, nyuso zao zinazofanana. Alikumbuka mkono wa Siwema. Akalisema lote, la Robati na mpwa wake na kazi aliyopewa, bila kupunguza wala kuongeza.

Mheshimiwa aligeuka, akamtazama Lufungilo kwa muda mrefu, kana kwamba ndiyo kwanza anakiona kile kiti alichokalia.

"Na huyo mpwa," aliuliza taratibu, "kazi aliiweza?"

"Inasemekana baadaye alishika cheo cha mjomba mwenyewe."

Lufungilo akakaa vizuri kitini. Uso wa Rais ukaanza kuchanua. "Kumbe hata wao! Mataifa makubwa kabisa!"

"Subiri kwanza," alisema Bi Nyamizi. Hakupaza sauti. "Mkalimani, wewe huwa hupunguzi. Huko kwao walisema hivyo. Hapa kwetu, huko foleni, wanasemaje?"

"Mama..."

"Tafsiri."

"Kavumbini," Bi Sikudhani alisema akitazama viatu vyake, "mtu akipita mbele bila kupanga foleni, wanasema amezaliwa na dada."

Waziri wa Michezo alicheka, kwa kuwa hakuwahi kuusikia. Ndugu zake hawakucheka.

"Dada hao nimewazaa mimi," alisema Bi Nyamizi. "Kwa hiyo huko kisimani ni tumbo langu linatajwa, watu wakiwa na ndoo kichwani. Na juu ya hayo mmenitungia kaka, mmemuua, na mmenileta hapa nimlilie." Akasimama kwa kuegemea fimbo. "Mtaro wa mabomba unaanza lini?"

"Wakandarasi hawajateuliwa, Bibi," alijibu Waziri wa Maji.

"Wameshateuliwa. Ni ninyi. Kesho alfajiri, na majembe. Tai acheni nyumbani."

Wapwa wote walimgeukia mjomba wao. Lakini Mheshimiwa alikuwa ameshauinamia mkataba na anatia saini kwa kasi isiyo ya kawaida, kabla mama yake hajakumbuka kwamba ana mtoto mwingine anayeweza kushika jembe.

Balozi aliomba atafsiriwe kilichotokea. Bi Sikudhani alimtazama Rais, Rais akaitika kwa kichwa.

"Wanashukuru," alisema.

Kavumbini hawakuamini mpaka walipoona kwa macho. Waziri wa Posta alichimba siku mbili, akalala siku moja. Waziri wa Barabara aliukadiria mstari kwa jicho, na kwa sababu hiyo mtaro ulifika nyumba ya muuza mkaa ukapinda, ukaizunguka, ukarudi, ukapinda tena bila sababu. Wanawake walikuja kutazama na vibanda vya uji vikafunguliwa kando. Mafundi bomba wa kweli walikuja nyuma yao wakiunganisha na kusikitika. Lufungilo alitokwa na malengelenge viganjani, Siwema akamfunga kitambaa kwa mkono wake mzima, akamwonyesha jinsi ya kushika mpini.

Wiki mbili kabla ya masika, maji yakatoka. Yalianza kwa kukohoa, yakaja mekundu, yakaja ya kahawia, kisha yakawa maji. Mtaa mzima ulikuwa pale na vyombo. Bi Sikudhani alisimama na mdogo wake mbele kabisa, wameshikana viuno.

Lufungilo naye alikuja na ndoo, kwa kuwa alikuwa na kiu na alikuwa na haki. Akatembea mpaka bombani moja kwa moja, kama alivyozoea tangu azaliwe. Siwema akaweka mkono juu ya koki.

"Mwanangu," alisema kwa upole, "foleni inaanzia kule."

Lufungilo aligeuka akautazama urefu wa ile foleni. Ilipita kwa muuza mkaa, ikapinda pale mtaro ulipopinda, ikapotea. Kisha akaanza kutembea na ndoo yake, watu wakimpisha, mpaka akafika mwisho, nyuma ya mzee mmoja mwenye madumu mawili.

Mzee aligeuka. "Sijawahi kukuona hapa. Wewe ni nani?"

Lufungilo alifikiri kidogo. "Mchimbaji," alisema.

"Aa. Ninyi ndio mliopinda mtaro."

"Ndio sisi."

Mzee aliupima ule mtaro kwa macho, kutoka huku mpaka kule. "Umepinda kweli," alisema. "Lakini maji yamefika."

"Yamefika," Lufungilo alisema, na wote wawili wakasogea mbele hatua moja.